Saa Moja Jioni: Mseja, Mshenga na Msimulizi katika Filamu ya Seven Chances (1925)

Ikisiri

Makala hii inahakiki Seven Chances, futuhi ya kimya ya dakika 56 iliyoongozwa na kuigizwa na Buster Keaton mwaka 1925, inayomhusu kijana mseja anayelazimika kuoa kabla ya saa moja jioni. Filamu inasomwa kwa kutumia mapokeo ya ushenga yanayojulikana Afrika Mashariki, kisha inatazamwa kama kazi inayoweza kusimuliwa kwa Kiswahili na wasimulizi wa vibanda vya video. Inadaiwa kwamba ucheshi wa filamu hii umeegemea mjumbe anayedharauliwa, na kwamba dharau hiyo haiondoki kwa kubadilisha lugha peke yake. Isipoangaliwa, itahamia kwenye lafudhi ya jirani.

Utangulizi

Seven Chances inaanza na kijana asiyeweza kusema. Jimmie Shannon, ambaye Keaton mwenyewe anamwigiza, amesimama na Mary Jones (Ruth Dwyer) nje ya nyumba ya akina Mary, na kibao cha maandishi kinamweleza mtazamaji kwamba kijana huyu anatamani kutamka kuwa anampenda. Majira manne ya mwaka yanapita, kila moja kwa picha yake, na kila mara wawili hao wapo pale pale. Kinachobadilika ni mandhari, pamoja na mbwa: alianza akiwa kitoto, sasa ni jibwa, na neno halijasemwa. Sehemu hii ilipigwa kwa Technicolor ya rangi mbili, teknolojia iliyokuwa changa wakati huo, ilhali sehemu kubwa inayofuata ni ya nyeusi na nyeupe. Mtazamaji anapewa rangi wakati wa kunyamaza. Maneno yanapoanza, rangi inaondolewa.

Kinachofuata ni kisa chepesi. Jimmie na mshirika wake Billy Meekin (T. Roy Barnes) ni madalali wa hisa waliotapeliwa na ambao sasa wanakodolewa macho na aibu, pengine na kifungo. Mwanasheria mfupi mwenye uso wa kukunjamana (Snitz Edwards) anawatafuta. Wanamkwepa wakidhani ameleta hati ya mahakama. Kumbe ameleta wosia. Babu yake Jimmie amemwachia dola milioni 7 kwa sharti kwamba awe ameoa kabla ya saa moja jioni ya siku anayotimiza umri wa miaka 27, na siku yenyewe ndiyo hiyo hiyo. Jimmie anakwenda kwa Mary, anamposa, anakubaliwa. Kisha anaeleza sababu ya haraka yake kwa namna inayomfanya Mary aelewe kwamba msichana yeyote angefaa. Posa inavunjika hapo hapo. Billy anaanza kuhesabu wasichana wanaofahamiana na Jimmie kwenye klabu: wako saba, na wote wanakataa. Basi Billy anapeleka habari gazetini, mamia ya wanawake wanajaa kanisani wakiwa na shela, na kuanzia hapo filamu inageuka kuwa mbio.

Hadithi hiyo haikuwa chaguo la Keaton. Ilitoka katika mchezo wa jukwaani wa Roi Cooper Megrue uliotayarishwa New York na David Belasco mwaka 1916. Mtayarishaji Joseph Schenck ndiye aliyenunua haki zake, na Keaton hakuficha baadaye kwamba hakuipenda. Wahakiki wengi wamemfuata katika hukumu hiyo. Wamepita haraka kwenye nusu ya kwanza, wakasimama kwenye mbio za bibi harusi na maporomoko ya mawe mlimani, tukio lililoongezwa baada ya hadhira ya majaribio kucheka ilipoona mawe machache yakimfuata Jimmie kwenye mteremko. Mbio hizo zinastahili sifa zake. Hata hivyo, kwa msomaji wa Kiswahili nusu ya kwanza ndiyo yenye mengi zaidi, kwa sababu inahusu jambo ambalo jamii za ukanda huu zimelitafakari kwa muda mrefu: nani apeleke neno la posa, na kwa kauli gani.

Kuna sababu nyingine, ya kiutendaji. Nchini Marekani, haki miliki ya filamu zilizotolewa mwaka 1925 ilikwisha tarehe 1 Januari 2021. Yeyote anayetaka kuiwekea filamu hii maelezo au usimulizi wa Kiswahili hahitaji kununua kibali cha picha zenyewe, ingawa muziki ulioongezwa na warejeshaji wa baadaye unaweza kuwa na mwenyewe. Kwa taasisi zinazolalamika kwamba hakuna fedha za kupata filamu kwa ajili ya madarasa ya Kiswahili, hii ni bidhaa iliyo mezani tayari.

Useja na majina yake

Msimulizi atakayeitia filamu hii Kiswahili atakwama kwenye neno la kwanza. Jimmie ni nani? Mseja ni neno la kamusi, safi, lenye harufu kidogo ya utawa. Kapera ni la mtaani zaidi na linabeba utani. Katika Kiswahili cha zamani neno mhuni nalo lilimgusa mwanamume asiye na mke wala makazi ya kueleweka, na utawala wa kikoloni mjini Dar es Salaam ulilitumia kwa vijana wasio na kazi waliotakiwa kurudishwa vijijini. Kwamba neno moja liliweza kuunganisha kutooa, kutokuwa na kazi na kutoaminika ni ushahidi wa namna useja ulivyotazamwa: kama hali ya mtu ambaye jamii haijui imshike wapi. Kwa upande wa wanawake mambo ni mazito zaidi. Msimbe hutamkwa mara nyingi kwa dharau, na hakuna neno la utani linalomstahi mwanamke anayeishi peke yake kama kapera linavyomstahi mwanamume.

Filamu inafahamu tofauti hiyo, japo haiilaumu. Useja wa Jimmie ni tatizo la siku moja na una thamani ya dola milioni 7. Useja wa wanawake wanaojaa kanisani hauna bei, na ndiyo maana unachekwa. Kamera inawapitia kwa wingi wao, shela za kila namna, nyuso za kila umri, nayo inamtaka mtazamaji acheke kwamba hawa nao walidhani wangeweza kuchaguliwa. Kasisi anapowatangazia kwamba huenda wamefanyiwa mzaha, hasira yao inakuwa ndiyo injini ya nusu ya pili. Keaton aliwatumia kama mafuriko: wanapita kwenye uwanja wa mpira na wachezaji wanabaki wamelala, wanapita kwenye ukuta wa matofali, kila mmoja akichukua tofali lake, na ukuta unatoweka. Inachekesha sana. Lakini mtu akisimamisha picha dakika moja kabla, pale kanisani, atakachokiona ni kundi la watu waliokuja kwa nia njema mahali walipoitwa na gazeti.

Sehemu ya klabu ni bora kuliko hiyo, na ni ya kisasa zaidi. Wasichana saba wanageuka kuwa orodha, na orodha inapunguzwa jina baada ya jina. Jimmie anamrushia msichana aliye juu ya roshani kijikaratasi cha posa. Jibu linateremka likiwa vipande vidogo vidogo, kama theluji. Msichana wa mapokezi, aliyeigizwa na Jean Arthur kabla hajawa nyota, anaonyesha pete kidoleni. Msichana anayetunza kofia anatikisa kichwa kabla hajaulizwa. Anayetumia leo programu ya simu ya kutafuta mwenza atatambua mara moja kilichomo humu: kukataliwa bila sentensi, kwa ishara moja ya mkono, na mtu ambaye hata hakupata nafasi ya kusikia jina. Filamu ilitangulia programu hizo kwa karibu miaka 90, na bado inazieleza vizuri kuliko futuhi nyingi za sasa ambazo huweka simu katika kila picha.

Ipo pembeni hoja ya kisheria itakayowafurahisha washauri wa sera. Mpango wa Billy usingewezekana Dar es Salaam wala Nairobi kwa utaratibu wa kawaida. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka taarifa ya nia ya kuoana itolewe angalau siku 21 kabla, na Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 ina muda kama huo kwa ndoa ya kiserikali. Babu wa Jimmie angelazimika kufa mapema zaidi.

Saba iliyo moja

Namba saba ndiyo uti wa mgongo wa filamu: nafasi saba, dola milioni saba, saa ambayo akrabu inasimama kwenye 7, na umri wenye saba ndani yake. Kwa Kiswahili mnyororo huu unakatika mahali pamoja. Akrabu ikiwa kwenye 7 jioni, Mswahili husema saa moja. Baadhi ya wafasiri wangeona hapa hasara. Kwa kweli ni faida, kwa sababu mtazamaji wa Kiswahili amezoea tangu utotoni kuona namba moja usoni pa saa na kutamka nyingine, na hatachanganyikiwa hata kidogo. Anachopata zaidi ni maana. Kwa hesabu ya pwani, siku huisha jua linapotua, na usiku unaofuata huhesabiwa kuwa wa siku inayokuja. Ndiyo maana usiku wa kuamkia Ijumaa huitwa usiku wa Ijumaa. Saa moja ni saa ya kwanza ya siku nyingine. Sharti la wosia, ambalo kwa Kiingereza ni namba iliyookotwa ili ilingane na kichwa cha mchezo, kwa Kiswahili linakuwa na mantiki: kijana atakuwa ameoa kabla siku yake haijaisha, au siku itakuwa imekwisha.

Kichwa chenyewe kinadai uamuzi. Nafasi Saba kinasema kwamba kuna milango saba na mtu achague. Bahati Saba kinasema kwamba mtu amepangiwa. Jimmie ana nafasi saba na zote anazipoteza. Bahati yake ilikuwa moja, nayo ilikuwa imesimama naye mlangoni mwaka mzima. Msimulizi mzuri angeanza filamu kwa neno moja na kuimaliza kwa lile jingine.

Mjumbe

Baada ya Mary kumfukuza Jimmie, anajuta. Anaandika barua fupi ya kumwita arudi na kumpa mtumishi wa nyumbani aipeleke. Mtumishi huyo anapanda farasi asiye na haraka, anazunguka mji akimtafuta Jimmie, na kwa muda mrefu wa filamu barua iliyo mfukoni mwake ndiyo suluhisho la kila kitu kinachoonekana kwenye kiwambo. Laiti angefika, kusingekuwa na tangazo gazetini wala mbio. Polepole yake ndiyo inayoiwezesha filamu kuwapo.

Mtumishi huyo ni Mwafrika wa Marekani, naye ameigizwa na Jules Cowles, mwigizaji Mzungu aliyepakwa rangi nyeusi usoni. Hili lilikuwa jambo la kawaida katika tasnia ya burudani ya Marekani wakati huo, na ukawaida wake haupunguzi kitu. Mtazamaji anatakiwa acheke kwa kuwa mjumbe ni mzito, na uzito wake unatakiwa ueleweke kwa kuwa ni mweusi. Ucheshi wa aina hiyo hauishii kwake. Mtaani, Jimmie anamwona mwanamke kwa nyuma, anaharakisha ili amfikie, anamtazama usoni, anaona kwamba ni mweusi, anageuza njia. Anamposa mwanamke aliyeketi kwenye benchi, na kumbe mwanamke anasoma gazeti lenye herufi za Kiebrania. Anaingia kwenye ukumbi wa maonyesho kwa kuvutiwa na picha ya mrembo, bila kujua kwamba mrembo huyo ni Julian Eltinge, mwanamume aliyekuwa maarufu kwa kuigiza wanawake. Anatoka akiwa amepigwa. Kichekesho ni kile kile katika matukio yote matatu: upo mpaka, mtu mwenye haraka ameufikia bila kutazama, na hadhira inajua kwamba hapo hapaolewi wala hapaoi. Filamu haioni haja ya kueleza kwa nini.

Kusoma sehemu hii kwa kutumia mapokeo ya ushenga kunaonyesha jambo ambalo uhakiki wa Kimagharibi, unaoishia kulaumu rangi usoni, haujalifikia. Katika mapokeo ya Waswahili mshenga hachukuliwi kama tarishi. Huteuliwa kwa busara na kauli yake; husema kwa niaba ya mtu mwingine maneno ambayo mtu huyo angeyaharibu. Zaidi ya hapo, hubeba aibu. Posa ikikataliwa, waliokataana hawajatazamana, na kesho wanaweza kukutana sokoni bila mmoja kuinamisha kichwa. Taasisi hii haiko pwani tu. Kwa Wanyarwanda yupo umuranga, anayetafuta mchumba na kuunganisha koo mbili. Kwa Waganda ssenga, shangazi wa upande wa baba, humfunda msichana na kusimama naye wakwe wanapojitambulisha. Tofauti zao ni nyingi. Kinachofanana ni kwamba anayepeleka neno ana hadhi isiyo chini ya hadhi ya wenye neno.

Ukiitazama Seven Chances kwa macho hayo, kosa la Jimmie linapata jina lake: alijiposea. Kijana aliyeshindwa kutamka neno moja kwa majira manne alipewa saa chache na akaenda mwenyewe, na akaliharibu kwa sentensi ambayo mshenga yeyote wa daraja la chini angeimeza. Kila mlango uliofungwa klabuni ulifungwa usoni pake. Billy anajaribu kuwa mshenga, lakini ana maslahi yake katika milioni saba na kila msichana anaweza kuinusa haraka yake. Gazeti, ambalo ndilo mshenga wa mwisho, linasema kwa kila mtu kwa pamoja; yaani halisemi na mtu.

Mtu mmoja tu katika filamu nzima ndiye aliyetumwa kwa utaratibu: ana neno la kweli, kutoka kwa mtu mmoja, kwenda kwa mtu mmoja. Ni mtumishi mweusi. Filamu imemkabidhi kazi yenye heshima kuliko zote na ikamvika sura ya kumchekesha mtazamaji. Jambo hili halihitaji kufumbuliwa kwa nadharia. Liko wazi katika mpangilio wa matukio. Hatimaye barua inamfikia Jimmie, na mbio zake zinapata mwelekeo kwa mara ya kwanza: kabla ya hapo alikuwa akiwakimbia wanawake, sasa anamkimbilia mmoja. Mpinduko huo ni kazi ya mjumbe, na hakuna kibao cha maandishi kinachomshukuru.

Msimulizi

Filamu ya kimya ikifika Afrika Mashariki itafika mahali palipo na watu wa kuisemea. Wasimulizi wa filamu wamekuwapo katika vibanda vya video kwa miongo kadhaa. Nchini Tanzania Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alijipatia umaarufu kwa kutia Kiswahili juu ya filamu za kigeni. Nchini Kenya DJ Afro amefanya hivyo kwa sauti inayotambulika mara moja. Nchini Uganda kazi hiyo hufanywa zaidi kwa Kiganda, na VJ Jingo ni miongoni mwa waliosifika. Msimulizi hafasiri tu. Hueleza, hutania, humwonya mhusika, humpa jina jipya, huongeza methali. Usomi umechelewa kuwachukulia kwa uzito, labda kwa sababu kazi yao ilikua nje ya studio na mara nyingi nje ya sheria ya hakimiliki. Wajapani hawakuchelewa hivyo: filamu zao za kimya zilikuwa na msemaji wake, benshi, ambaye jina lake liliweza kuvuta watu kuliko jina la mwigizaji.

Kwa filamu yenye sauti, msimulizi hushindana na mazungumzo yaliyomo. Kwa Seven Chances hana mshindani. Midomo inacheza, vibao ni vichache, na dakika 56 ziko wazi. Uhuru huo ni mkubwa, na hapo ndipo penye hatari ambayo makala hii inataka ionekane kabla fedha hazijatengwa na sauti hazijarekodiwa.

Atamfanyaje mjumbe? Njia ya kwanza ni kumkata. Ni rahisi, na bodi za filamu za ukanda huu zinao uzoefu wa kukata. Lakini filamu isiyo na mjumbe haina barua, na filamu isiyo na barua haina nusu ya pili. Mtazamaji atamwona Jimmie akibadilisha njia ghafla bila kujua kilichotokea. Njia ya pili ni kumnyamazia, kupita juu yake kana kwamba rangi ile haionekani. Hadhira ya Kampala au Bujumbura itaiona hata hivyo, na itajiuliza kama msimulizi ni kipofu au ni mwoga.

Njia ya tatu ndiyo inayowezekana zaidi kutokea, kwa sababu haihitaji uamuzi wowote. Msimulizi atampa mjumbe lafudhi. Yeyote anayefuatilia futuhi za Kiswahili za redio, televisheni na mitandaoni anaufahamu utaratibu huo: mlinzi wa geti, mtumishi wa ndani, mgeni wa mjini na mtu mzito wa kuelewa hutambulishwa kwa namna wanavyokosea upatanisho wa ngeli au kugeuza l kuwa r. Futuhi za Dar es Salaam na za Nairobi zimekicheka Kiswahili cha bara. Zimekicheka pia, na bado zinakicheka, Kiswahili cha Uganda na cha Kongo. Kicheko hicho husemwa kuwa hakina ubaya. Ukikiweka katika mdomo wa mtumishi wa Mary, hata hivyo, utaona kinachofanyika. Rangi iliyopakwa usoni Marekani mwaka 1925 itakuwa imepakwa upya, safari hii kwa sauti, na anayepakwa ni jirani anayejifunza lugha ambayo mikutano kama huu inamwambia kwamba ni yake pia.

Hili si suala la adabu peke yake. Serikali za ukanda zimetumia jitihada kubwa kukipeleka Kiswahili nje ya mipaka ya Tanzania na Kenya. Baraza la Mawaziri la Uganda lilikipitisha mwaka 2022 kuwa lugha rasmi, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yenye mamilioni ya wazungumzaji mashariki mwake, ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka huo huo. Mitaala inaandikwa, walimu wanatafutwa. Lakini mwanafunzi wa Mbarara au wa Bukavu hakutani na Kiswahili kwenye mtaala kwanza. Hukutana nacho kwenye wimbo, kwenye mahubiri na kwenye kichekesho. Akijisikia ndani ya kichekesho akiwa yule anayechekwa, somo la darasani litakuwa limeshajibiwa kabla halijafundishwa.

Ipo njia ya nne, nayo ni ngumu zaidi kwa sababu inahitaji msimulizi aliyeitazama filamu yote kabla ya kufungua kinywa. Ni kumpa mjumbe kauli ya mshenga. Picha itabaki ilivyo, na rangi usoni pa Cowles itabaki ilivyo, ikionekana kuwa rangi. Sauti ndiyo itakayokataa kuifuata. Mtu anayeonekana mjinga kwa mpango wa kamera atasikika akizungumza Kiswahili kilichotulia, akijua anabeba nini na kwa nini hakimbii. Kicheko hakitapotea, kitahama. Hadhira itawacheka wote wanaompita kwa magari yao bila kujua kwamba barua iko kwake. Wasimulizi wetu wanao ustadi huo. Wamewahi kuwageuza wabaya wa filamu za Kichina kuwa watani wa mtaani kwa sentensi mbili, na hakuna sababu ya kudhani watashindwa kumpandisha mjumbe cheo.

Kwa anayetengeneza sera, tofauti kati ya njia ya tatu na ya nne haionekani kwenye muswada wa bajeti. Zote mbili zitaitwa usimulizi wa Kiswahili, na zote mbili zitahesabiwa kama filamu moja iliyokamilika. Bodi za filamu huangalia matusi, uchi na ukatili. Haziulizi nani amepewa lafudhi gani. Taasisi inayogharamia sauti inaweza kuuliza swali hilo bila sheria mpya: kabla ya kurekodi, orodha ya wahusika iwekwe mezani, na mbele ya kila jina iandikwe lafudhi atakayopewa na sababu yake. Pale ambapo sababu itakuwa kwamba inachekesha, mazungumzo ndiyo yaanze hapo. Washiriki wa zoezi hilo watoke pia Kampala, Goma na Bujumbura, kwa maana wao ndio watakaosikia kile ambacho sikio la Dar es Salaam au la Mombasa limezoea kiasi cha kutokisikia.

Inabaki dakika ya mwisho. Jimmie anafika nyumbani kwa Mary akiwa ametoka kwenye maporomoko ya mawe, na saa ya Billy inaonyesha kwamba wakati umepita. Mary yuko tayari kuolewa hivyo hivyo, bila milioni hata moja. Jimmie anakataa, hataki kumwingiza katika aibu inayomsubiri. Anatoka nje, anainua macho, na saa ya kanisa inaonyesha kwamba wakati bado. Ndoa inafungwa. Kila aliyemo anamtangulia kumbusu bibi harusi, na Jimmie anapopata nafasi, jibwa lile la mwanzoni linaingia katikati. Msimulizi atashawishika kuingiza hapa methali ya haraka na baraka, na ni vyema aiache. Sehemu hii iachwe bila neno tangu Jimmie anapotoka mlangoni hadi anapoiona saa ya kanisa, halafu sauti iseme saa bado, na iseme kwa lafudhi ile ile aliyopewa mjumbe.